Saa ya Nta

Mama alikuwa amepiga magoti katika ujia wa nyumba ile, akirudi nyuma. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: uso mbaoni, kisogo kwenye mlango wa kutokea, akijiburuta ubao baada ya ubao, mkono wa kulia ukizungusha kitambaa cha flana na wa kushoto ukivuta kopo la nta. Mbao alizokuwa bado hajazifikia zilikuwa kavu, za kijivu. Zile alizokwisha kuzipaka zilikuwa na utando mweupe, mwembamba, kama pumzi ya mtu aliyehemea kioo. Alikuwa na miaka sabini na sita. Daktari wa mifupa alikuwa amemkataza kupiga magoti hata kwa kusali.

“Simama hapo hapo kizingitini,” aliniambia bila kuinua kichwa. “Ukikanyaga nitakujua.”

Sikukanyaga. Nilisimama kwenye mlango wa uani nikiwa na miaka hamsini, shahada tatu, na jalada la karatasi kwapani ambalo hadi asubuhi ile nililiamini kuwa silaha. Katikati ya ujia, mkono wa kulia, mlango wa maktaba ulikuwa wazi. Ndani yake bibi mmoja mwembamba alikuwa ameketi akisoma gazeti, viatu vyake vyeusi vimepangwa sawasawa mbele ya kiti, miguu ikiwa ndani yake. Kila mtu pale alimwita Shangazi. Mama alikwisha kuupita mlango wake. Shangazi hakuwa ameinua macho, kwa kuwa watu wa nyumba ile walizoea tangu utotoni kutomtazama aliyepiga magoti.

Niseme kwanza habari za nyumba.

Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na alitaka kila aingiaye ajue. Vyumba kumi na vinne, nguzo nane za mbele, ngazi pana kuliko sebule za watu wengi. Lakini fahari yake ilikuwa ule ujia wa chini, uliotoka vyumba vya kulala upande mmoja hadi mlango wa uani upande wa pili, hatua ishirini na mbili. Mbao zake alizichagua mwenyewe, akikataa kila moja iliyokuwa na fundo. Mama aliajiriwa akiwa na miaka kumi na tisa kwa ajili ya mbao zile tu. Wakamwita Mama Nta kabla hajawa mama wa mtu. Baba alikuja baadaye, akapewa bustani, na kwa sababu mkasi wa kupogolea haukuondoka kwenye mfuko wake wa nyuma, akawa Bwana Mkasi. Sidhani kama mwenye nyumba aliwahi kuyajua majina yao mengine.

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana ilikuwa saa ya nta. Mama alichemsha nta ya nyuki kwa tapentaini uani, akaanza kupaka kwenye milango ya vyumba vya kulala, akarudi nyuma mpaka mlango wa uani, akatoka. Nta ile ilihitaji saa nzima kukauka, na hata ikikauka iliendelea kushika alama ya chochote kilichoigusa, mpaka isuguliwe kwa brashi na flana ndipo ing'ae na kusahau. Kwa hiyo saa ile hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga ujiani. Mwenye nyumba alijifungia maktabani na vitabu vyake. Mkewe, binti yake na mwanawe wa kiume walijipumzisha vyumbani. Mama aliniambia mara moja, akicheka kidogo, kwamba hakuwahi kukalia kiti hata kimoja cha nyumba ile, lakini kila Alhamisi aliwafungia wote ndani, na hawakuthubutu kutoka.

Mwenye nyumba aliuawa Alhamisi, saa ya nta.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, darasani. Yaliyofuata niliyajua kama watoto wanavyojua mambo: kwa milango kufungwa nikikaribia, kwa baba kutokuwepo mezani. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima na kibali cha kuingia hifadhi ya nyaraka, niliyasoma. Jalada lina kurasa sitini na tatu. Mzee alipigwa kichwani kwa kipande cha chuma kilichotumika kuegemeza vitabu. Polisi walifika saa kumi kasoro. Ukurasa wa nne una sentensi ambayo naweza kuisema hata nikiamshwa usingizini: *Sakafu ya ujia imekutwa safi, iking'aa, bila alama yoyote, nta ilipakwa saa saba na nusu, hivyo ni dhahiri hakuna mtu wa ndani aliyeweza kupita.* Kama hakupita mtu wa ndani, basi muuaji aliingia kwa dirisha la maktaba. Dirisha lilitazama bustani. Bustanini alikuwepo mtu mmoja, na asubuhi ile majirani walimsikia akipaza sauti mbele ya mwenye nyumba, kwa kuwa aliomba ruhusa ya kwenda kumzika kaka yake na akajibiwa kwamba majani hayajui msiba.

Baba alikaa mahabusu miezi kumi na moja. Kesi haikusikilizwa hata siku moja. Aliachiwa kwa kukosa ushahidi, na nimefundisha wanafunzi wangu miaka yote kwamba maneno hayo si sawa na kusema mtu hana hatia. Hakuna aliyemwajiri tena. Mtu gani angempa mkasi? Alirudi na kifua kibovu alichokiokota kule ndani, akakohoa miaka mitatu, akafa. Kwenye mazishi yake mwanamke mmoja nyuma yangu alimwambia mwenzake, “Ameondoka nayo siri yake.” Niligeuka nikamtazama. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na tangu siku ile sijawahi kupoa kabisa. Watu husema mimi ni mpole. Wanachokiona ni kifuniko.

Miaka arobaini na moja baada ya Alhamisi ile, mjukuu wa nyumba alikuja ofisini kwangu chuoni. Alikuwa mchangamfu, mwenye mikono mikubwa na kicheko cha mtu asiyewahi kusubiri kitu. Alikuwa anaikarabati nyumba ya babu yake ipokee wageni, na alitaka historia yake iandikwe na msomi, ibandikwe kutani chumba kwa chumba. Hakujua mimi ni mtoto wa nani. Jina langu la ndoa lilinifunika.

“Na mauaji, Daktari,” alisema, “tusiyaache. Wageni wanapenda damu kidogo. Si nyingi. Kiasi cha chumvi tu.”

Akanisogezea rasimu yake. Ilisema mshukiwa mkuu alikuwa mtunza bustani, mtu mwenye hasira za karibu, *ambaye hakukiri mpaka anaingia kaburini*. Niliisoma mara mbili. Nilikumbuka baba alivyokuwa akipuliza uji wangu.

“Umeyapata wapi haya?”

“Kwa Shangazi. Wengine wote wamekwisha kutangulia. Yeye bado anakaa pale pale, na kumbukumbu zake ni kali kuliko zangu.”

“Nitaiandika,” nikasema.

Jioni ile nilimsomea Mama rasimu. Nilidhani atalia, nikajiandaa kumfariji. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Aliendelea kuchambua mpaka punje za mwisho, akaweka sinia chini, akasema, “Alama zilikuwepo.”

“Alama gani?”

“Za mguu. Sakafuni. Nilipanda kutoka uani nikasugue, nikazikuta.”

Aliniambia pole pole, kama anayetoa miiba. Nyayo peku. Zilitoka upande wa vyumba vya kulala, zikaingia maktabani, zikarudi. Za kwenda zilikuwa kamili, kisigino na vidole. Za kurudi zilikuwa vidole tu. Alizifuata kwa macho mpaka kwenye mlango ulioachwa wazi, akamwona mzee, akapiga kelele. Bibi mkubwa, mke wa mzee, alitoka chumbani mwake akasimama pale mlangoni kwake, hakukanyaga. Alitazama sakafu kabla ya kuuliza kuna nini. Kisha akasema, kwa sauti ya kila siku, “Watu wanakuja. Hawawezi kuikuta nyumba yangu hivi. Malizia sakafu.”

“Na ukamalizia,” nikasema.

“Nikamalizia.”

“Mtu amekufa chumba cha pili, mama, na wewe ukapiga magoti ukasugua.”

“Mikono yangu ilikuwa inajua kitu kimoja tu. Nikaambiwa kifanye, nikakifanya.” Aliitazama mikono yenyewe. “Nilisugua vizuri, mwanangu. Sijawahi kusugua vile. Yule inspekta alipoingia alisema sakafu kama kioo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.”

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mama yangu jioni ile. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Niliuliza kwa nini hakusema baba alipokamatwa kesho yake. Akasema alikwenda. Alitembea mpaka kituoni akamweleza inspekta yote. Inspekta akaweka kalamu mezani. Akamwuliza: kwa hiyo umefuta ushahidi wa mauaji, nikuandike na wewe? Una mtoto? Atabaki na nani?

“Nikarudi nyumbani,” alisema Mama. “Wewe ulikuwa umekaa mlangoni na begi lako la shule, unanisubiri nikufungulie.”

“Miaka arobaini na moja.”

“Ningekuambia nini? Kwamba baba yako nilimfunga mimi, kwa kitambaa?”

Hatukusemeshana siku tatu. Nilirudi hifadhini nikapekua jalada upya, nikitafuta mstari mmoja kwamba mwanamke alifika kituoni Ijumaa ile. Hakuna. Nilitafuta kama kuna mtu aliyeuliza sakafu ilisuguliwa saa ngapi, na kwa amri ya nani. Hakuna. Polisi waliuliza nta ilipakwa lini, na hapo udadisi wao ukaishia, kwa sababu kupaka ni tukio na kusugua ni usafi tu. Hasira yangu ilibadili mwelekeo kidogo kidogo. Nyumba nzima ile ilijitetea kwa kazi ya magoti ya mama yangu. Mng'ao wake ulikuwa ndio ushahidi wao, nao hawakuwa na haja ya kusema uongo wowote. Ulisemwa na mbao.

Nikapiga chapa hoja zangu, kurasa kumi na moja zenye tanbihi. Nilipanga kumkabidhi yule mjukuu mbele ya shangazi yake. Siku ya nne Mama aliniuliza, “Wanatafuta mtu wa kuweka nta?”

Kwa kweli walikuwa wanatafuta. Mjukuu alikuwa amelalamika kwamba mafundi wake wanajua vanishi tu.

“Mwambie unamjua kikongwe mmoja.”

“Mama, magoti yako.”

“Magoti ni yangu.” Kisha, akiwa ameshika mlango, “Huyo Shangazi yao, mchana hukaa wapi?”

“Maktabani. Husoma gazeti.”

“Na lile dirisha?”

“Waliliwekea nondo mwaka ule ule.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei nzuri.

Sasa alikuwa amefika mwisho. Alipaka ubao wa mwisho, akatoka kinyumenyume mpaka kizingitini, akanipa mkono nimwinue. Magoti yake yalilia. Mjukuu alikuwa amekuja kupitia uani, akasimama nasi, akivuta harufu.

“Hii ndiyo yenyewe,” alisema. “Nilipokuwa mdogo ilikuwa bado imo kwenye mbao, na pua yangu inaikumbuka. Bibi, umenirudisha utotoni.”

“Karibu,” Mama akasema, akaketi kwenye kigoda nilichomwekea.

Nafikiri ni harufu ile iliyomfikia Shangazi pia. Gazeti lilikunjwa. Akaja mpaka mlango wa maktaba, akasimama pale penye fremu, akitazama chini, halafu kulia, halafu kushoto. Kulia, vyumba vya kulala. Kushoto, sisi. Kotekote utando mweupe.

“Nani ameweka nta?”

“Ni mimi, dada,” Mama akajibu.

Ilichukua muda. Niliona uso ule mwembamba ukitafuta, ukipata, kisha ukijifunga.

“Mama Nta. Nilidhani ulishakufa.”

“Bado, dada. Magoti tu ndiyo yametangulia.”

Mjukuu alicheka. Alikuwa peke yake katika kucheka. “Mnajuana! Shangazi, hukuniambia. Njoo basi tunywe chai, vua viatu upite, si itasuguliwa?” Alipoona hasogei, akavua vyake, na soksi, akapanda sakafuni kwenda kumshika mkono. Hatua nne. Akageuka akatazama alikopita. Nyayo zake zilikuwa pale, kila kidole mahali pake, wazi kama zimechorwa.

“Kisigino kizito, kidole cha pili kirefu,” Mama alisema. “Ni mguu wa babu yako. Baba yako naye alikuwa nao huo huo.”

“Unakumbuka miguu?”

“Nyuso zenu nilikuwa sizioni sana. Miguu ya watu wanne wa humu niliijua. Ukipaka nta miaka kumi na sita utaijua tu, hata usipotaka. Kuna anayesahau mwavuli, kuna anayetaka maji. Wanadhani hatua mbili hazionekani.”

Nilikuwa na zile kurasa kumi na moja kwapani na sikuzigusa.

“Alhamisi ile,” Mama akasema, na sauti yake haikupanda, “ulipita mguu mmoja peku. Ulitoka kule vyumbani ukaingia hapo aliposimama dada. Ukarudi ukikimbia kwa vidole. Bibi mkubwa aliuona kama nilivyouona mimi. Akaniambia nimalizie sakafu. Nikaifuta.”

Mjukuu alikuwa bado amesimama katikati ya ujia, peku, mikono yake mikubwa ikining'inia. Kilichomtoka hakikuwa sauti yake ya ofisini.

“Ulikuwa wa nani? Wa baba yangu?”

“Nimekwambia baba yako alikuwa na mguu kama wako. Ule haukuwa hivyo.”

Watu wanne. Mmoja alikuwa amelala chini na damu. Mmoja alikuwa na kisigino kizito. Nilimwona akihesabu, nikamwona akifika mwisho wa hesabu, wanawake wawili, mmoja kaburini na mmoja mbele yake. Akamtazama shangazi yake kama mtoto anayengoja aambiwe kwamba ni mchezo.

“Mwanamke huyu ana chuki,” Shangazi alisema. “Mumewe alimuua baba, naye amekaa nayo mpaka imemla akili.”

“Inawezekana,” Mama akasema. “Pita basi, dada. Hatua kumi mpaka hapa. Kijana wako amepita, hakufa.”

“Sivui viatu mbele ya watumishi.”

“Hakuna mtumishi hapa. Huyu mwanangu ni daktari wa chuo kikuu. Mimi nimekuja kwa hiari yangu. Lakini kama unaona vibaya, pita na viatu.”

Hapo ndipo ningetegemea apite. Viatu havisemi chochote. Angeweza kuja mpaka tulipo, akanywa chai, akatufukuza. Aliinua mguu wa kulia. Ulibaki hewani, ncha nyeusi ya kiatu ikiwa shubiri moja juu ya nta. Kisha akaurudisha ndani. Nimefikiri juu ya mguu ule mara nyingi kuliko nilivyofikiri juu ya vitabu vyangu. Mtafiti makini atasema kukataa kukanyaga sakafu si ushahidi. Atasema mama na binti huweza kufanana miguu, na kwamba mtu huweza kukaa kimya maisha yake yote kwa ajili ya mama yake, kama alivyokaa mwingine kwa ajili ya mtoto wake. Mtafiti huyo ni mimi, na yote hayo ni kweli. Lakini nilikuwepo.

“Nitasubiri ikauke,” Shangazi akasema.

“Kukauka hakusaidii, dada. Wewe unajua. Mpaka isuguliwe.”

Akarudi kwenye kiti chake. Tulisikia gazeti likifunguliwa. Halikugeuzwa ukurasa.

Mjukuu alirudi kwetu akikanyaga alama zake mwenyewe, taratibu, kama anayeogopa kuongeza nyingine. “Kwa nini hukuniambia unamjua huyu mama?” aliniuliza.

“Ni mama yangu. Na yule mtunza bustani wako mwenye hasira za karibu alikuwa baba yangu. Alikuwa mtu wa utani. Hasira ni zangu.”

Akatazama miguu yake mitupu. Aliokota viatu lakini hakuvivaa. Alivishika tu, kimoja kila mkono, akaketi kwenye ngazi ya uani akitugeuzia mgongo.

Tulingoja. Hakuna aliyepanga kungoja. Hatukujua tu jinsi ya kuondoka. Saa ikaisha. Mama alijaribu ubao wa karibu kwa ncha ya kidole, akaona imekauka, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye brashi. Nilimwona akijipanga, kiganja kimoja ukutani, goti la kwanza likishuka. Uso wake haukuwa tena na kisasi wala huruma. Ulikuwa uso wa mtu mwenye kazi. Baada ya dakika arobaini sakafu ile ingekuwa kioo, Shangazi angetoka maktabani na viatu vyake, na alama za nyayo nne zingekuwa hazikuwahi kuwepo.

“Acha, mama.”

“Haijaisha.”

“Najua. Iache.”

“Itashika vumbi. Kufika kesho itakuwa na mabaka, hata kuisugua itashindikana.”

“Usimalizie.”

Sikupaza sauti, lakini nadhani alisikia ndani yake yote niliyomzuilia siku zile tatu, na yale ya mazishi, na ya begi la shule. Aliinua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu hamsini nilimwona mama yangu akiitazama sakafu iliyoachwa nusu, nyeupe, haijang'aa, na kuivumilia. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtu anayepima uzito. Kisha akaiweka brashi kizingitini, na flana juu yake, imekunjwa mara nne.

“Dada,” aliita. “Sisi tunakwenda.”

Nilimshika mkono tukashuka ngazi, tukampita mjukuu, tukapita bustani iliyopandwa upya na mtu asiyejua kupogoa. Kwenye lango alisimama akapumzisha magoti. Nilidhani atasema jambo. Alisema tu kwamba tapentaini ya siku hizi imechanganywa maji.

Nyumba inapokea wageni sasa. Kurasa zangu kumi na moja hazikubandikwa, na mstari mmoja nilioomba, kwamba sakafu hii ilisuguliwa kwa amri kabla ya polisi kufika, haukubandikwa pia. Lakini mtunza bustani ameondolewa ukutani. Kwenye chumba cha maktaba pameandikwa kwamba mwenye nyumba alifariki humo, na mwaka. Mjukuu alinipigia simu mara moja tu, juu ya jambo jingine, na kabla ya kukata akaniambia bila kuulizwa kwamba siku ile shangazi yake alikaa ndani mpaka jua lilipoinama. Hakuita chai. Hakuita msaada. Mwishowe aliita mafundi wawili akawaamuru walete lile zulia refu kutoka sebuleni, walikunjue kuanzia kwenye miguu yake, na ndipo akatoka.

Lipo hadi leo. Wageni wanaambiwa linalinda mbao. Nasikia walijaribu kuliondoa mwaka jana walifue, na limegandana na nta ile kiasi kwamba haling'oki bila kuchanika, kwa hiyo wameliacha.